Mario wa mseto au Mega Man na akina Ryu: uweke ipi kwenye kompyuta yako?

Jumamosi iliyopita kijana mmoja wa Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, aliingia kwenye steshenari ya dada yangu, hapa Ng'hong'hona, kutoa kopi za noti. Karatasi zikiwa bado zinatoka, akaitupia jicho kompyuta ya pembeni, ile ambayo mpwa wangu huwa habanduki siku zisizo za shule. Kwenye skrini ni steji ya kwanza ya Mario, ile ile anayoijua kila aliyewahi kushika pedi: kilima, kichaka, matofali, uyoga wa kahawia anakuja taratibu kwa miguu. Ila anayekimbia si Mario. Ni askari wa Contra, kifua wazi, bunduki mkononi, anapiga sarakasi hewani huku anamimina risasi.

"Kaka, hii ndiyo ile ya mseto? Na ile ya Mega Man anayezichapa na Ryu unayo? Ipi kali?"

Nilimjibu juujuu kwa sababu kulikuwa na foleni ya watu wa kuprinti. Nimekaa nikaona nimempunja. Zote mbili ninazo, nimezicheza na nimewatazama wengine wakizicheza kwa miaka, kuanzia watoto wa darasa la tatu mpaka mzee mmoja dereva wa bodaboda anayekuja kuchaji simu na kuishia kugombea kibodi. Basi haya ndiyo majibu niliyopaswa kumpa.

Kwanza majina, maana watu huyachanganya. Ya Mario inaitwa Super Mario Bros. Crossover. Ilitengenezwa na Jay Pavlina wa Marekani, kupitia Exploding Rabbit, ikatoka Aprili 2010 kama gemu ya kucheza ndani ya kivinjari. Nintendo, wenye Mario, hawahusiki nayo. Ni kazi ya mpenzi wa gemu tu. Ya pili ni Street Fighter X Mega Man. Hiyo nayo ilianza kama kazi ya shabiki, Seow Zong Hui wa Singapore, lakini Capcom, wenye mali, badala ya kumtumia barua ya wanasheria wakamshika mkono na kuitoa wao wenyewe bure, Desemba 17, 2012. Tarehe hiyo haikuokotwa. Desemba 17, 1987 ndipo Mega Man wa kwanza alipotoka Japani, kwa hiyo alikuwa anatimiza miaka 25, na Street Fighter nayo ni ya mwaka huo huo wa 1987.

Zote mbili ni za bure. Zote zina sura ya zamani, picha za vidoti vikubwa na muziki wa king'ora, kama zile mashine za kaseti za njano tulizokua nazo, zilizoandikwa gemu 9999 ndani ya moja na ukihesabu unakuta saba na marudio yake. Zote zinawakutanisha watu wa gemu tofauti. Anayeishia hapo atakwambia chukua yoyote, hazina tofauti. Zinayo, tena kubwa.

Katika ile ya Mario, nyumba ni ya zamani na wageni ndio wapya. Steji ni zile zile 32 za Super Mario Bros. ya 1985, tofali kwa tofali. Kabla ya kila steji unachagua nani aingie: Mario mwenyewe, Link wa Zelda na upanga wake, Samus wa Metroid, Mega Man, Simon Belmont wa Castlevania na mjeledi, au Bill Rizer wa Contra. Baadaye waliongezwa wengine, akiwamo Ryu Hayabusa wa Ninja Gaiden (si yule Ryu wa Street Fighter) anayenata ukutani kama mjusi. Kila mmoja anakuja na mwendo wa kwao, silaha za kwao, hata muziki wa kwao. Ukimchagua Simon, steji ya uyoga na mawingu inapigiwa muziki wa ngome ya mashetani. Mara ya kwanza kuisikia nilicheka peke yangu dukani.

Utamu wenyewe uko hapa: steji unaijua kwa moyo, lakini mwili haujui. Chukua ile ya pili ya dunia ya kwanza, 1-2, iliyo chini ya ardhi na yenye ukuta wa buluu. Mle mna vichochoro vya matofali ambavyo Mario akishakula uyoga na kuwa mkubwa hapiti wima; inabidi uchutame huku unateleza, na wengi wetu tuligundua hilo kwa bahati. Mpwa wangu aliingia mle na Samus. Akafika kwenye kichochoro, akabonyeza chini, Samus akajikunja kuwa mpira na kubingirika mpaka upande wa pili, akadondosha bomu moja kwa dharau. Mtoto akageuka kunitazama kana kwamba nilimficha siri miaka yote. Mimi mwenyewe nilikuwa nimempita Samus mara kumi bila kumfikiria. Simon naye kwao Castlevania akiruka ameruka, kama gunia lililotupwa, hageuki. Humu wakampa kuruka mara mbili hewani, la sivyo asingevuka hata steji ya tatu.

Lawama ninayoisikia zaidi ni kwamba Bill na Mega Man wanaiua gemu. Mwenye bunduki anasafisha njia akiwa mbali, hakuna tena kukanyaga vichwa wala kupima mruko. Kuna ukweli hapo. Anayeanza na Bill akabaki na Bill atafika mbali kwa jasho dogo kuliko mtu wa Mario, hasa kwa wale kobe wawili wanaorusha nyundo, waliotutesa utotoni. Lakini risasi haiui shimo. Kuanzia dunia ya saba na ya nane kinachokuua ni kuruka vibaya, na sarakasi ya Bill ukizoea ya Mario inakudanganya mahali pa kutua. Sisi watu wa Dodoma tuyaheshimu mashimo. Jina la mji lenyewe linasimuliwa kuwa limetoka kwa tembo aliyedidimia topeni.

Lawama ya pili ni nzito zaidi na huisikii kwa mashabiki: kama hukuwahi kucheza Mario, Zelda, Contra na wenzao, nusu ya raha hii haikuhusu. Shemeji yangu, ambaye utoto wake ulikuwa wa mpira wa makaratasi huko Kondoa bila televisheni, alicheza dakika kumi akauliza, "Sasa huyu mwenye kofia ya kijani ni nani, na kwa nini nimfurahie?" Sikuwa na jibu zuri.

Ile ya Mega Man imegeuza mambo. Mwenyeji ni mmoja na habadiliki: Mega Man wa kawaida, anateleza chini, anabana risasi ikue kisha anaiachia. Kilichobadilika ni wanaomsubiri. Badala ya maroboti, mwisho wa kila steji kuna mpiganaji wa Street Fighter: Ryu, Chun-Li, Blanka, Dhalsim, Rolento, Rose, Urien na C. Viper. Unaanza na yeyote umtakaye. Ukimshinda unachukua silaha yake, na silaha ya huyu ndiyo sumu ya yule. Ni kanuni ya Mega Man tangu mwanzo, lakini humu ina ladha ya pekee, kwa sababu ukimpiga Ryu unaondoka na Hadoken yake, ule mpira wa nguvu anaourusha kwa mikono. Hebu fikiria: ile tuliyoitafuta kwa kuzungusha pedi mpaka kidole gumba kikatoka lengelenge, sasa unaibeba mfukoni.

Steji ni mpya kabisa, hazikunakiliwa popote. Hii ndiyo sababu shemeji aliielewa upesi kuliko ile ya Mario. Hakuhitaji kumjua mtu. Unaingia, unaruka, unapiga, mwishoni kuna mtu mkubwa ana kijiti cha uhai kama chako, umtoe kabla hajakutoa.

Muziki ni wa Luke Esquivel, anayejulikana kama A_Rival, na hapa nasema bila kupepesa macho: ni bora kuliko gemu yenyewe. Amechukua nyimbo za akina Chun-Li na Ryu akazishona na zile za Mega Man kiasi kwamba hujui mshono uko wapi. Kuna wateja wa kopi wanaogonga kaunta kwa mdundo wa steji ya Chun-Li bila kujua ni nini.

Manung'uniko yapo. Watu wa Street Fighter II, ile ya 1991 iliyojaa mabanda ya gemu, wanaingia wakimtafuta Ken na Guile, wanakutana na Urien na C. Viper na kuuliza hawa ni ndugu wa nani. Urien ni wa Street Fighter III na C. Viper ni wa ya nne; kama uliishia kwenye banda la mtaani, ni wageni kwako. Wengine wanasema steji ni fupi, kana kwamba mtengenezaji alikuwa na haraka ya kukufikisha kwa bosi. Nakubaliana nao. Kati ya mlango na bosi kuna steji mbili tatu nisizozikumbuka hata rangi. Lakini mabosi wenyewe! Hawa hawasimami kizembe kama maroboti ya zamani. Wanakurukia, wanakukatisha, wanakusoma. Dhalsim ananyoosha mkono kutoka upande wa pili wa chumba, na wewe ulidhani uko salama.

Sasa niseme lililonikera kuliko yote, maana hapa ndipo wengi wanapokosea kuchagua. Toleo la kwanza la Street Fighter X Mega Man halina namna yoyote ya kusevu. Hakuna nywila, hakuna kitu. Ukizima, umeanza upya. Mtu wa kwao Singapore labda hakuliona kuwa tatizo. Mimi nililiona jioni moja ya Oktoba, joto lile la kabla ya mvua, kijana mmoja akiwa ameshatoa mabosi sita. Watu wanne nyuma ya kiti. Amebakiza Urien na Rose. Feni ikapunguza mwendo, taa ikawa nyekundu, halafu kimya. Kompyuta ya mezani haina betri. Hakuna aliyesema neno mpaka jenereta la jirani lilipoanza kukohoa. Yule kijana aliinuka, akaaga kwa adabu, "Basi, usiku mwema," na hakurudi kwa mwezi mzima.

Kwa hiyo kama utaichukua, chukua toleo la pili, lililotoka Januari 2013, ambalo liliongeza nywila. Ukimaliza bosi, andika nywila kwenye karatasi au ipige picha kwa simu. Ukikuta mtu anakupa faili, muulize ni toleo lipi kabla hujapokea. Ya Mario haina machungu ya namna hii kwa kiasi kile. Steji zake ni za dakika mbili tatu, na kule 1-2 kuna yale mabomba ya njia ya mkato ya kukurusha dunia ya nne, kama zamani. Umeme ukikatika umepoteza kidogo, unacheka.

Lakini ya Mario ina jini lake. Iliandikwa kwa Flash, ile programu ya zamani ya kuendesha gemu na katuni ndani ya kivinjari, na Flash ilizikwa rasmi Desemba 31, 2020. Januari 12, 2021 hata ile programu iliyobaki kwenye kompyuta za watu ikaanza kugoma kufungua chochote. Ukiitafuta kwa kivinjari cha kawaida leo unaweza kukuta kisanduku cheupe tu. Siku hizi kuna programu za kufufua gemu za aina hiyo, kama Ruffle na Flashpoint, na ukipata njia hiyo inakwenda. Kinachohitajika ni uvumilivu wa kuitayarisha mara moja, na bando la kutosha, kisha unacheza hata bila intaneti. Kumweleza mteja hili ni kazi. Nikimwambia "hii ni ya Flash" ananipa flashi yake nimwekee. Nimejaribu kufafanua, nimeacha. Napokea flashi.

Ya Mega Man haina hekaheka hizo. Ni faili la Windows, unalifungua linacheza. Kwenye simu hakuna, na nisingekushauri uhangaike.

Jambo la kibodi hakuna anayelisema na linaamua mengi. Kibodi za bei nafuu haziwezi kusoma vitufe vitatu fulani kwa pamoja. Ukivibonyeza, kimoja kinapotea. Mega Man anataka uwe umeshikilia cha risasi ili ibanwe, huku unakwenda kulia, huku unaruka. Hivyo ni vitatu. Kwenye kibodi yangu ya kwanza alikuwa anagoma kuruka kila nikibana risasi, nikadhani gemu ni mbovu. Nilipobadilisha vitufe nikatumia herufi zilizo mbalimbali, akaruka. Ongeza na vumbi la Dodoma la mwezi wa nane, upepo ule unaoingia hata dirisha likiwa limefungwa, kitufe cha kuruka kinakwama kama mlango wa mbao masika. Ukiwa na pedi ya USB, hata ya bei ya chini, tumia pedi. Mario wa mseto anavumilia kibodi mbovu zaidi, isipokuwa ukichagua Mega Man humo humo, hapo umerudi kulekule.

Kwa watoto wanaocheza kwa zamu sina hata sababu ya kufikiri: ya Mario. Kila steji inaanza na uchaguzi wa mhusika, na ugomvi wenyewe wa nani achaguliwe ni nusu ya mchezo. Mpwa wangu na rafiki zake wana sheria yao kwamba ukifa na Link, anayefuata haruhusiwi Link. Kiti kinazunguka, hakuna anayekaa muda mrefu. Ya Mega Man kwenye benchi la watoto inaleta vilio. Mmoja anakaa nusu saa kwa Blanka, wengine wanaanza kupigana kweli.

Kwa mtu mzima anayerudi chumbani saa mbili usiku, laptopu yenye betri nzima, spika au earphone zenye nguvu, anataka kitu cha kumaliza wikiendi moja, ningempa ya Mega Man. Ina mwanzo na mwisho, ina M. Bison, yule bosi mkuu wa Street Fighter, anayekusubiri huko mbele, na ukishajua silaha ipi ni dawa ya nani unairudia kwa raha nyingine. Mzee wa bodaboda hakubaliani nami. Yeye ni wa Contra, alizicheza kaseti hizo alipokuwa kijana, na kwake Bill Rizer kuingia kwenye steji za Mario ni jambo lililopaswa kutokea zamani. Anacheza na Bill tu, anakufa mahali palepale pa dunia ya nne, analipa, anaondoka ameridhika. Kwa mtu wa namna hiyo ulinganisho wangu wote ni kelele.

Kuna mwenye pesa atakayeuliza mbona asinunue kitu halali kabisa. Anaweza. Kama ana Nintendo Switch, kuna Super Mario Maker 2 ambayo tangu Desemba 2019 ina upanga unaomgeuza Mario kuwa Link, na hiyo Nintendo wenyewe wameiweka. Lakini ni mgeni mmoja, na mashine yenyewe ni mshahara wa mtu. Kwenye Shovel Knight ya 2014, toleo la PlayStation lililofuata 2015, Kratos wa God of War alipita kama bosi. Gemu nzuri sana, pengine bora kuliko zote nilizozitaja, ila mseto wake ni kijiko kimoja tu kwenye sufuria.

Yule kijana wa UDOM alirudi Jumatatu. Ana laptopu, haina betri inayodumu, anakaa wanne chumbani hosteli. Nilimwambia achukue ya Mario kwa ajili ya chumba na toleo la pili la Mega Man kwa ajili ya siku za likizo akibaki peke yake. Akanipa flashi, akasimama nyuma ya mpwa wangu kusubiri nimnakilie. Wakati huo mtoto alikuwa na Samus mbele ya Bowser, ngome ya kwanza, anajikunja mpira na kupita chini yake kila dubwana lile likiruka. Kijana akavuta stuli. Dakika ishirini baadaye alichomoa flashi, akashukuru, akaondoka mbio kuwahi kipindi.

Kopi zake za Jumamosi bado ziko kwenye droo, kurasa 42, zimebanwa vizuri. Hajazilipia wala kuzifuata.